Nani Alipanga Kikosi cha Celtic?

Historia ya klabu ya Celtic ya Glasgow wengi huisimulia kwa kuhesabu makombe, na makombe yapo kweli, lakini mimi nimezoea kuisoma kwa swali moja dogo: siku ya mechi, nani alikuwa anaandika majina ya wachezaji kumi na mmoja? Mtu wa leo ataliona swali hilo jepesi, kwa kuwa tumezoea kwamba kocha ndiye mwenye kikosi na ndiye anayetimuliwa kikosi kikivurunda. Celtic haikuanza hivyo, na kwa sehemu kubwa ya miaka yake themanini ya mwanzo mambo hayakuwa hivyo. Ukilifuata swali hilo kutoka kwa Willie Maley hadi kwa Jock Stein, na kutoka kwa Stein hadi kwa waliomrithi, utaelewa jinsi kundi la wachezaji walewale lilivyoweza kupita miaka mingi bila kombe lolote, kisha likawa bingwa wa Ulaya.

Klabu iliasisiwa mwezi Novemba 1887 katika ukumbi wa kanisa la St Mary's, eneo la Calton, mashariki mwa Glasgow, kwa juhudi za Bruda Walfrid, mtawa wa shirika la Marist aliyezaliwa Ireland kwa jina la Andrew Kerins. Nia yake ilikuwa kupata fedha za kuwalisha watoto wa familia maskini, nyingi kati yao zikiwa za wahamiaji wa Kiireland. Wakati huo neno kocha halikuwa na maana yoyote pale. Kamati ndiyo iliyosajili na ndiyo iliyopanga timu. Walfrid na wenzake walikwenda Cathcart kumtafuta mchezaji mmoja aliyejulikana, Tom Maley, hawakumkuta nyumbani, wakaongea na mdogo wake Willie, na kwa adabu tu wakamwambia kwamba naye anaweza kuja. Willie akaja. Alicheza katika mechi ya kwanza kabisa ya klabu, tarehe 28 Mei 1888, Celtic ilipoifunga Rangers, klabu nyingine ya Glasgow, mabao 5-2, na baada ya hapo hakuondoka kwa zaidi ya nusu karne. Mwingine wa kukumbuka kutoka siku hizo ni James Kelly, aliyetoka Renton akawa nahodha na baadaye mwenyekiti, kwa sababu mwanawe Robert atarudi katika habari hii akiwa na uzito mkubwa kuliko baba.

Mwaka 1897 klabu ilipogeuzwa kuwa kampuni, Maley aliteuliwa kuwa katibu na meneja akiwa na umri wa miaka 29, na hakukiachia kiti hicho hadi mwanzoni mwa 1940. Katika muda huo Celtic ilitwaa ubingwa wa ligi mara 16 na Kombe la Uskoti mara 14. Hata hivyo, ukimtafuta Maley kwa sura ya kocha tunayemjua leo hutamwona. Alikaa jukwaani pamoja na wakurugenzi, amevaa suti. Hakuingia chumba cha kubadilishia nguo wakati wa mapumziko kuwapa wachezaji maelekezo, na kuhusu mbinu za uchezaji hakuwa akizungumza nao. Hata kikosi hakukitangaza. Mchezaji alijua kama amepangwa kwa kusoma gazeti. Hebu mfikirie winga wa Celtic wa mwaka 1908 akinunua gazeti asubuhi ili ajue kama mchana ana kazi.

Nguvu ya Maley ilikuwa katika jicho la usajili. Badala ya kuendelea kununua majina makubwa kwa fedha nyingi, kama klabu ilivyofanya katika miaka yake ya mwanzo, alichagua kuwakusanya vijana na kuwalea pamoja, na vijana hao ndio waliotwaa ubingwa mara sita mfululizo kati ya 1905 na 1910. Safu yake ya kiungo ya Young, Loney na Hay ilitajwa kwa pamoja kana kwamba ni jina la mtu mmoja. Mbele yao alikuwapo Jimmy Quinn, mchimba makaa ya mawe kutoka kijiji cha Croy, aliyekuwa na mabega mapana na subira ndogo kwa mabeki. Katika fainali ya Kombe la Uskoti ya 1904 Rangers walitangulia kwa mabao mawili, na Quinn akafunga matatu peke yake, Celtic ikashinda 3-2. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kizazi kingine cha Maley kilicheza mechi 62 za ligi bila kupoteza hata moja, kati ya Novemba 1915 na Aprili 1917. Ndani ya mfululizo huo kuna siku ninayoipenda kuliko zote: tarehe 15 Aprili 1916 ratiba ilikuwa imebana kiasi kwamba Celtic ilicheza mechi mbili kwa siku moja, ikaifunga Raith Rovers 6-0 nyumbani, kisha ikasafiri kwenda Motherwell na kushinda 3-1.

Wachezaji wawili wa Maley wanaeleza vizuri zaidi aina ya mamlaka aliyokuwa nayo. Wa kwanza ni Patsy Gallacher, mzaliwa wa Donegal, mwembamba kiasi kwamba mtu asiyemjua angedhani amepotea njia akaingia uwanjani. Katika fainali ya Kombe la Uskoti ya 1925 dhidi ya Dundee aliwapita mabeki mmoja baada ya mwingine, akaangushwa karibu na mstari wa goli, na akiwa ameubana mpira kati ya miguu yake akapinduka sarakasi na kuingia nao wavuni. Kwa mtu kama huyo, maelekezo ya mbinu yangesaidia nini? Maley alimwacha acheze. Wa pili ni Jimmy McGrory, aliyefunga bao la ushindi kwa kichwa katika fainali hiyohiyo. McGrory alikuwa mtoto wa Garngad, mtaa wa maskini wa Glasgow, si mrefu, lakini kichwa chake kilikuwa hatari kuliko miguu ya washambuliaji wengi. Mwaka 1928 aliifunga Dunfermline mabao manane katika mechi moja, na alipotundika daluga alikuwa amefikisha mabao 550, rekodi ya Uingereza nzima. Mwaka huohuo wa 1928 Maley alimwalika waende pamoja kuhiji Lourdes, mji wa hija wa Wakatoliki nchini Ufaransa. Njia ilipitia London, na London alikuwapo Herbert Chapman wa Arsenal akiwasubiri na ofa mkononi. McGrory alikataa, wakaenda kuhiji, na waliporudi wakamkuta Chapman tena. Akakataa tena. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba klabu ilikuwa ikimlipa pungufu kuliko wenzake, na sababu inayotajwa ni kukataa kwake kuuzwa. Sijui klabu nyingine ambayo mfungaji wake bora wa nyakati zote alitendewa hivyo na bado akaipenda kiasi kile.

Na yuko John Thomson, kipa kutoka Cardenden katika jimbo la Fife, ambaye naye aliwahi kufanya kazi mgodini. Hakuwa Mkatoliki, jambo linalofaa kusemwa kwa wanaodhani kwamba klabu hiyo iliwahi kufunga mlango kwa misingi ya dini. Tarehe 5 Septemba 1931, katika uwanja wa Ibrox, alijirusha miguuni mwa Sam English wa Rangers kuuzuia mpira, goti la mshambuliaji likagonga kichwa chake, na akafariki usiku huo akiwa na umri wa miaka 22. Uchunguzi uliamua kwamba ilikuwa ajali, na picha zilizobaki haziruhusu kusema vinginevyo. Baadhi ya mashabiki walitembea kwa miguu kutoka Glasgow hadi Cardenden, mwendo wa takriban maili 55, ili wamzike.

Maley aliondoka vibaya. Mwaka 1938 klabu ilipotimiza miaka 50 alizawadiwa fedha, kisha pakatokea mzozo kati yake na wakurugenzi kuhusu nani alipe kodi ya zawadi hiyo, na Januari 1940 mtu aliyekuwa na klabu tangu mechi yake ya kwanza akatoka akiwa na kinyongo. Kiti kikaenda kwa Jimmy McStay, nahodha wa zamani, ambaye aliongoza timu katika miaka ya vita wakati ligi ya kawaida ilikuwa imesimama, na kwa haki hatuwezi kumpima kwa miaka hiyo. Mwaka 1945 akaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na McGrory.

Hapa ndipo swali langu linapopata makali. McGrory alikuwa meneja kwa miaka 20, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwa yeye aliyepanga kikosi. Aliyekipanga alikuwa mwenyekiti, Robert Kelly, aliyeshika uenyekiti mwaka 1947. Kelly hakuwa mtu mbaya na wala hakuwa mjinga wa mpira. Aliamini katika vijana, aliamini katika mchezo wa kushambulia, na aliipenda klabu kama urithi wa baba yake, jambo ambalo kwa kiasi fulani lilikuwa kweli. Lakini mwenyekiti haoni mazoezi ya kila siku, na mapenzi yake kwa mchezaji hayapimwi na mtu yeyote. Mfano unaosimuliwa mpaka leo ni wa Oktoba 1960, Celtic ikiwa safarini kwenda kucheza na Airdrie. Kelly, akiwa ndani ya basi la timu, alimwona njiani Willie Goldie, kipa wa akiba, akielekea kwenye mechi kama shabiki. Mwenyekiti akafurahishwa na moyo huo wa mapenzi kwa klabu, akaamuru basi lisimame, Goldie akapanda, na kipa aliyekuwa amepangwa akawekwa pembeni. Celtic ikafungwa 2-0. McGrory alikuwa ndani ya basi hilohilo.

Haikuwa miaka ya giza tupu. Kombe la Uskoti lilikuja mwaka 1951. Mwaka 1953 Celtic ilishinda Kombe la Kutawazwa kwa Malkia kwa kuziangusha Arsenal, Manchester United na Hibernian. Mwaka 1954 ikatwaa ligi na kombe kwa pamoja. Na tarehe 19 Oktoba 1957 iliwanyuka watani wa jadi, Rangers, 7-1 katika fainali ya Kombe la Ligi, Billy McPhail akifunga matatu. Kisha pakawa kimya kwa zaidi ya miaka saba. Walio wachanga kabisa katika kikosi walikuwa na vipaji vya ajabu, ila waliletwa na kuondolewa bila mpango unaoeleweka. Mwaka 1964, katika nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, waliifunga MTK ya Budapest 3-0 nyumbani, wakaenda Hungaria kucheza kwa kushambulia kana kwamba hawakuwa na akiba ya kulinda, wakarudi wamefungwa 4-0. Ulikuwa mpira wa Kelly: wa kiungwana, wa kupendeza, na wenye kupoteza.

Mtu aliyekuja kubadili hali hiyo alikuwa amewahi kuwamo. Jock Stein, mchimba makaa kutoka Burnbank katika jimbo la Lanarkshire, alisajiliwa Desemba 1951 kutoka klabu ndogo ya Llanelli ya Wales kwa pauni 1,200, na nia ilikuwa awafundishe vijana wa timu ya akiba. Mabeki wakaumia, akapangwa, akawa nahodha, na ni yeye aliyeongoza ushindi wa 1953 na ule wa 1954. Kifundo cha mguu kilipomstaafisha alipewa timu ya akiba, akawapata vijana kama Billy McNeill, lakini kwa kuwa alikuwa Mprotestanti watu wengi, na inasemekana yeye mwenyewe, waliona kwamba hapo ndipo mwisho wake katika klabu hiyo. Akaenda Dunfermline mwaka 1960, na mwaka uliofuata akaifunga Celtic katika fainali ya Kombe la Uskoti. Akapita Hibernian. Kelly alipomwendea mwanzoni mwa 1965, wazo la kwanza la mwenyekiti lilikuwa kwamba Stein agawane madaraka na Sean Fallon, beki wa zamani wa klabu. Stein alikataa. Alitaka kiti kizima, pamoja na haki ya kupanga kikosi bila mtu kumshika mkono, na Kelly, ambaye kwa hili anastahili heshima ambayo wengi humnyima, alikubali. Fallon akawa msaidizi, na akawa msaidizi mwaminifu.

Sasa tazama majina yaliyoanza fainali ya Kombe la Ulaya mjini Lisbon tarehe 25 Mei 1967: Simpson, Craig, Gemmell, Murdoch, McNeill, Clark, Johnstone, Wallace, Chalmers, Auld, Lennox. Wote walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wa Celtic Park, na hilo ndilo jambo linalorudiwa kila mara. Linalosemwa kwa nadra ni kwamba kumi kati yao walikuwa tayari wamesajiliwa na klabu kabla Stein hajaanza kazi mwezi Machi 1965. Ni Willie Wallace peke yake aliyenunuliwa na Stein, Desemba 1966 kutoka Hearts, na alifika muda mfupi kabla Joe McBride, aliyekuwa akiongoza kwa mabao hadi wakati huo, hajaumia goti. Wengine wote walikuwa wachezaji wa enzi ya McGrory, walewale waliokuwa wakipangwa kwa hisia za mwenyekiti. Bobby Murdoch alikuwa akichezeshwa mbele. Stein alimrudisha katikati ya uwanja, na inasimuliwa kwamba Kelly alipomwambia kuwa Murdoch si kiungo, jibu lilikuwa kwamba Jumamosi ataona mwenyewe. Bertie Auld alikuwa winga mkorofi aliyewahi kuuzwa Birmingham. Akawa kiungo wa kushoto mwenye pasi za kukata. Tommy Gemmell, beki wa kushoto, aliruhusiwa kupanda kadiri apendavyo. Ronnie Simpson ana kisa chake: alikuwa kipa wa Hibernian wakati Stein alipokuwa meneja huko, wawili hao hawakuelewana, akauzwa Celtic, na miezi michache baadaye akasikia kwamba Stein anamfuata. Wengi walidhani siku zake zimehesabika. Badala yake alicheza fainali ya Ulaya akiwa na umri wa miaka 36.

Kombe la kwanza lilikuja ndani ya wiki chache, tarehe 24 Aprili 1965, McNeill alipoipiga kona ya Charlie Gallagher kwa kichwa na kuipa Celtic ushindi wa 3-2 dhidi ya Dunfermline. Ligi ikafuata 1966, ya kwanza tangu 1954. Msimu wa 1966/67 walishinda kila shindano waliloingia. Katika Kombe la Ulaya waliwatoa Zürich na Nantes bila jasho jingi, wakaokolewa na kichwa cha McNeill katika sekunde za mwisho dhidi ya Vojvodina ya Yugoslavia, kisha wakaenda Prague na kufanya jambo ambalo Stein hakulipenda: walijilinda kwa dakika 90 ili kuutunza ushindi wa 3-1 wa nyumbani dhidi ya Dukla. Somo la Budapest lilikuwa limeingia.

Kuhusu fainali yenyewe yameandikwa mengi, nami nitabaki na mambo machache. Inter Milan ya Helenio Herrera ilipata bao dakika ya saba kwa mkwaju wa penalti wa Mazzola, baada ya Jim Craig kumwangusha Cappellini, kisha ikajifungia nyuma kama ilivyozoea. Celtic iligonga mwamba mara mbili. Kipa Sarti aliokoa mipira ambayo makipa wengine wangeisindikiza kwa macho. Dakika ya 63 Craig, yuleyule wa penalti, alimpasia Gemmell nje ya eneo la hatari, na Gemmell akafumua shuti lililoingia bila mjadala. Dakika ya 84 Murdoch akapiga, Chalmers akaugusa, ikawa 2-1. Beki wa kulia alimpa beki wa kushoto pasi ya bao la kusawazisha katika fainali ya Ulaya, mwaka 1967. Bao hilo halikutokea kwa bahati. Na nyuma kabisa, ndani ya kofia ya Simpson iliyowekwa langoni, yalikuwamo meno ya bandia ya baadhi ya wachezaji, waliyoyavua kabla ya mechi na kutaka yawe karibu ili wayavae kwa ajili ya picha za ushindi. Kipenga kilipolia watu walivamia uwanja, na Simpson akakimbia kwanza kuiokoa kofia.

Mamlaka ya Stein hayakuwa ya kupanga majina tu. Alijua kila mtu anaongozwa kwa namna gani. Jimmy Johnstone, winga mdogo wa Viewpark mwenye nywele nyekundu, ambaye mashabiki walimpigia kura mwaka 2002 kuwa mchezaji bora katika historia ya klabu, aliogopa sana ndege. Novemba 1968, Celtic ikiikaribisha Red Star ya Belgrade, matokeo wakati wa mapumziko yalikuwa 1-1. Stein alimwahidi kwamba wakishinda kwa tofauti ya mabao manne hatalazimika kusafiri kwenda mechi ya marudiano. Johnstone alifunga mawili, akatengeneza mengine, mechi ikaisha 5-1, naye akaondoka uwanjani akipiga kelele kwamba haendi. Hakwenda.

Ubingwa tisa mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1974, haukumkinga na kila kitu. Mwaka 1970 mjini Milan, Feyenoord iliifunga Celtic 2-1 katika fainali nyingine ya Ulaya, na mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba siku hiyo Stein alimdharau mpinzani. Julai 1975 alinusurika ajali mbaya ya gari na msimu mzima ukaongozwa na Fallon. Agosti 1977 Kenny Dalglish, aliyekuwa ameibuka katika kundi la vijana pamoja na Danny McGrain na Lou Macari, aliuzwa Liverpool kwa pauni 440,000, na Stein, aliyejitahidi kumshawishi abaki, aliona timu yake ikimaliza ligi katika nafasi ya tano. Mwaka 1978 klabu ilimpa kiti katika bodi na kazi ya kusimamia mchezo wa bahati nasibu wa kuchangisha fedha. Mtu aliyeipatia klabu Kombe la Ulaya akaambiwa akauze tiketi! Alikwenda Leeds, akakaa siku 44, akachukua timu ya taifa, na akafariki uwanjani Cardiff tarehe 10 Septemba 1985, akiwa kazini.

Aliyemrithi alikuwa McNeill, nahodha wa mechi 790, na msimu wake wa kwanza ulimalizika kwa ushindi wa 4-2 dhidi ya Rangers uliotoa ubingwa huku Celtic ikiwa na wachezaji kumi. Hata hivyo bodi haikumpa uzito wa Stein. Charlie Nicholas aliuzwa Arsenal mwaka 1983, McNeill akatambua kwamba analipwa pungufu kuliko wenzake wa klabu kubwa za Uskoti, akaondoka. Soma tena habari ya mshahara wa McGrory na utaona kwamba tabia ya nyumba haikubadilika. Davie Hay alishika nafasi na kushinda ligi ya 1986 siku ya mwisho, kisha McNeill akarudishwa na kutwaa ligi na kombe katika mwaka wa miaka mia, 1988, akiwa na Roy Aitken kama nahodha na Paul McStay, wa ukoo uleule wa Jimmy McStay, akiuendesha mchezo kutoka katikati.

Mwaka 1991 Liam Brady akawa meneja wa kwanza ambaye hakuwahi kuichezea klabu. Madeni yaliongezeka, na Machi 1994 Fergus McCann aliinunua klabu ikiwa ukingoni mwa kufilisika, akajenga uwanja wa watu 60,000, na akaleta mfumo mpya: meneja mkuu wa utawala upande mmoja, kocha mkuu upande mwingine. Wim Jansen, ambaye alikuwa ndani ya kikosi cha Feyenoord kilichoifunga Celtic mwaka 1970, aliajiriwa 1997 kama kocha mkuu. Alimleta Henrik Larsson kwa pauni 650,000, akaizuia Rangers kutwaa ubingwa wa kumi mfululizo, na siku mbili baada ya kuushinda ubingwa huo akajiuzulu kwa sababu hakuweza kufanya kazi na walio juu yake. Mashabiki wengi walimlaumu McCann. Mimi naona alikuwa sahihi kuhusu fedha na si sahihi kuhusu kiti kile.

Martin O'Neill, aliyekuja mwaka 2000 baada ya John Barnes kung'oka kwa kichapo cha 3-1 kutoka kwa Inverness, alipewa nafasi pana, na ilionekana mara moja. Alishinda mataji matatu katika msimu wa kwanza. Larsson, aliyekuwa amevunjika mguu vibaya mjini Lyon mwaka 1999, alirudi na kufunga mabao 35 ya ligi. Alipoondoka 2004 alikuwa na mabao 242. Aliifungia Celtic mawili kwa kichwa katika fainali ya Kombe la UEFA mjini Seville, Mei 2003, waliyopoteza 3-2 kwa Porto katika muda wa nyongeza. Gordon Strachan alishinda ligi tatu mfululizo na bado hakupendwa ipasavyo. Neil Lennon aliisimamia timu usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, Victor Wanyama alipompanda Jordi Alba hewani na kuipiga kona kwa kichwa, bao la kwanza katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Barcelona. Brendan Rodgers aliumaliza msimu wa 2016/17 bila kupoteza mechi hata moja ya ndani, akaivunja rekodi ya Maley ya mechi 62 katika msimu uliofuata, kisha akahamia Leicester kabla msimu wake wa tatu haujaisha.

Ange Postecoglou ndiye anayenivutia zaidi kati ya hawa wa karibuni, kwa sababu alilijibu swali langu kwa namna isiyotarajiwa. Alifika mwaka 2021 bila msaidizi hata mmoja wa kwake, akafanya kazi na benchi la ufundi alilolikuta, timu ikiwa imeachwa pointi 25 na Rangers. Alichokidai ni uhuru wa kusajili kutoka soko alilolijua yeye: Kyogo Furuhashi kutoka Vissel Kobe kwanza, kisha Daizen Maeda na Reo Hatate kutoka ligi hiyohiyo ya Japani. Ubingwa ulirudi 2022. Tarehe 3 Juni 2023 Kyogo alifungua mabao katika fainali ya Kombe la Uskoti dhidi ya Inverness, timu ileile iliyomng'oa Barnes, Celtic ikashinda 3-1 na kukamilisha mataji matatu ya msimu. Siku tatu baadaye ikatangazwa kwamba Postecoglou anakwenda Tottenham, na bodi ikarudi kwa Rodgers.